Sarafu Mkononi mwa Bibi Yonka

Wewe ungeweza kuiba kitu kilichofumbatwa na maiti?

Usiharakishe kusema hapana. Mimi ningeweza. Ningekichukua mchana kweupe na usingizi ningeupata, maana naamini kwamba kitu kilichokaa ardhini tangu enzi za makaisari ni cha watoto wote watakaosoma shule katika nchi hii, wala si cha ngumi moja iliyokufa. Nilisema hivyo siku ile, kwa sauti, mahali ambapo watu husema kwa kunong'ona. Lakini habari hii si yangu. Ni ya Tsolo Varbanov, dereva wa trekta mstaafu wa kijiji chetu cha Yasenov Brod, mtu aliyeogopa kengele ya kanisa kuliko wengine wanavyoogopa polisi. Na polisi nao aliwaogopa, tena sana.

Hofu zote mbili zina chanzo kimoja. Enzi za shamba la ushirika, mimi sijazaliwa, Tsolo alikuwa kijana wa kofia ya kuinamisha upande, na alikuwa amekabidhiwa trekta jipya. Alitumwa kulima bonde la chini, lile linaloteremka hadi mto Danubi. Msimamizi alimwonya asizamishe plau sana, kwa kuwa huko chini kuna mawe ya Warumi yanayovunja vyuma. Lakini ukingoni mwa shamba walikuwapo wanawake wakipalilia, wengi wao wasichana, na Tsolo akataka waione nguvu ya trekta lake. Akaizamisha plau hadi mwisho. Plau ikapasua mtungi.

Sarafu za fedha zikamwagika juu ya udongo mbichi. Wanawake walifika kabla injini haijazimwa. Kila mmoja alijaza alichokuwa nacho: kitambaa cha kichwa, aproni, kiatu. Msimamizi alipofika alikuta vigae vitupu, na wanawake wakipalilia kwa bidii ambayo hakuwahi kuiona tangu apewe cheo.

Haikupita wiki mtu akaropoka mjini, polisi wakaja. Walitaka wapewe jina: nani kavunja mtungi, na fedha ya serikali iko wapi? Msimamizi, kwa kuiogopea kazi yake, akaapa kwamba hakuna trekta lililoshuka bondeni. Wengine wakawa mabubu. Katika kupekua nyumba, wakakuta sarafu moja ndani ya kopo la tumbaku la Gancho, seremala, ambamo mkewe Yonka alikuwa ameificha; nyingine aliyoificha kwingine hawakuiona. Wakaondoka na Gancho. Aliporudi, majani ya mizabibu yalikuwa yameshapukutika yote, na mkono wake wa kushoto haukunyooka tena mpaka anaingia kaburini. Jina la dereva hakulitaja. Na dereva hakujitaja.

Tangu hapo sarafu za ule mtungi zikawa na kazi mbili kijijini kwetu. Ya kwanza ni ya mkate wa mkesha wa Krismasi: mama huficha sarafu ndani ya unga, na atakayeikuta kwenye kipande chake ndiye mwenye bahati ya mwaka. Hiyo ipo kila mahali nchini. Ya pili sijaisikia kwingine. Kwetu mfu hupewa sarafu ya mtungi katika kiganja cha kulia, ngumi ikafumbwa na kufungwa kwa uzi mwekundu. Uzi haufunguliwi mpaka kaburini, dakika ile kabla ya kifuniko, tena hufunguliwa na mtu wa damu yake tu. Ukifunguliwa mapema, wanasema, mkono ule ulioachwa huru utamvuta mwingine wa nyumba hiyohiyo.

Kwa hiyo mtungi ulianza kurudi ardhini, ngumi moja baada ya nyingine, na Tsolo ndiye peke yake aliyeliona hilo. Akaanza kuzikusanya. Hakununua hata moja. Alizunguka masoko ya wilaya akitafuta zile sarafu kubwa za fedha za enzi ya mfalme, zenye uzito na sura ya mfalme mwenyewe, kisha akazipeleka nyumba kwa nyumba kubadilishana. "Ukimpa mtu pesa," aliniambia, "kesho atasema ulimlaghai. Ukimpa fedha kwa fedha hana la kusema." Wanawake walikubali. Mkate haubagui makaisari. Mfu pia, wengi walidhani, angetosheka na mfalme wetu.

Lakini kifo hakimpi mtu nafasi ya kwenda sokoni. Ndiyo maana kengele ilimtoa jasho. Ikilia tu, Tsolo aliweka kijiko chini, hata supu iwe ya moto, akauliza ni nani, akatia sarafu ya mfalme kwenye mfuko wa fulana yake ya sufu na kwenda mbio kabla uzi mwekundu haujafungwa. Mara nyingine aliwahi. Mara nyingine alikuta ngumi imefumbwa, akasimama miguuni pa jeneza akiitazama kama mtu aliyeachwa na treni. Watu walimtania. "Kunguru katua," walisema akiingia getini. "Mfiwa gani huyo anayelia kuliko watoto wa marehemu?"

Nilipomaliza masomo ya historia mjini Veliko Tarnovo nikarudi kufundisha shule ya tarafa, nilimwendea mwenyewe. Alichukua mwaka mzima kuniamini. Siku moja akafunga mapazia, akafungua mlango wa tanuri la zamani lisilowashwa, akatoa bakuli la bati lililojaa sarafu za mtungi. Sijawahi kuona kitu kama kile nje ya kioo cha makumbusho. Nikamwambia palepale, tuzipeleke mjini kesho.

"Nikipeleka nusu wataniuliza nusu nyingine iko wapi," alinijibu. "Nitasema nini? Imo makaburini? Nikishapata zote, nitapeleka zote. Hapo hawana swali."

"Mzee, hutazipata zote."

"Basi niletee moja tu. Ile ya Yonka."

Kila mazungumzo yetu yaliishia hapo. Makaisari wa bakuli lile tulikuwa tumewapanga kwa zamu zao, na wa mwisho alikuwa Filipo. Baada yake hakuna. Lakini Tsolo aliapa kwamba aliposhuka kwenye trekta siku ile, sarafu moja ilikuwa imelala juu ya udongo, safi kama imetoka kwa mfua fedha jana, na Yonka akaikanyaga kwa mguu ili wengine wasiione. Ilikuwa na uso wa mwanamume aliyekonda, taji la miale kichwani, mikunjo ya paji kama ya mtu asiyelala. Uso huo haukuwa bakulini. Nilimwonyesha picha katika kitabu changu cha chuo, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwa Desio.

Desio ni kaisari aliyekufa vitani katika nchi hiihii, akipigana na Wagothi waliovuka Danubi. Ikiwa sarafu yake ilikuwamo mtungini, basi mtungi ulizikwa na mtu aliyesikia Wagothi wanakuja, akachimba upesi, akakimbia, na hakurudi. Kama haimo, ni akiba tu ya bahili mmoja aliyekufa kitandani. Tofauti ndiyo hiyo. Kwangu mimi ni tofauti kati ya kumjua mtu na kutomjua. Kwa Tsolo sijui ilikuwa nini hasa. Nadhani alitaka kujua alivunja kitu cha nani.

Yonka hakubadilishana. Kila mwaka Tsolo alimwendea getini, na kila mwaka alipewa jibu lilelile.

"Niitazame tu, Yonka. Siishiki."

"Gancho aliutazama ukuta wa gereza kwa ajili yako. Wewe nawe litazame geti."

Basi asubuhi moja ya mwisho wa Februari tulikuwa jikoni kwa Tsolo, sarafu zimepangwa juu ya kitambaa, kengele ikalia. Sarafu aliyokuwa ameishika ikamponyoka.

"Nani?"

"Nitajuaje, mzee? Si niko hapa na wewe?"

"Chungulia dirishani! Macho ya chuo kikuu ni ya kazi gani?"

Sikuhitaji kuchungulia. Mitra, jirani yake, mwanamke mwenye ulimi unaosikika hadi ng'ambo ya mto, alikuwa anapita na sufuria. "Tsolo! Yonka katutoka alfajiri! Vaa lile koti lako la misiba, najua halipati nafasi ya kukunjwa!"

Tsolo aliketi. Nikaona mikono yake inatafuta kitu mezani na haikipati. "Wakishafunga uzi," alisema, "imekwisha." Kisha akasimama ghafla. "Twende. Kabla hawajafunga."

Walikuwa wameshafunga. Bibi Yonka alikuwa amelazwa katikati ya chumba, mshumaa kichwani, kioo cha ukutani kimefunikwa shuka. Ngumi yake ya kulia ilikuwa kifuani, ndogo kama ya mtoto, uzi mwekundu umezungushwa na kufungwa mafundo. Wanawake wanne au watano walikuwa wameketi ukutani. Nevena, binti yake wa pekee, aliyekuwa ameacha kazi yake ya kulea wazee Italia ili amuuguze mama, alisimama kutupokea.

"Mungu amrehemu," alisema Tsolo.

"Amrehemu. Karibu, Mjomba Tsolo. Najua umekuja kwa ajili ya nini." Alimwita Mjomba kwa heshima tu; damu haikuwaunganisha.

"Nimekuja kumzika mama yako."

"Basi mfuko wako ni mtupu," alisema Mitra kutoka ukutani. "Tuonyeshe."

Tsolo akatoa sarafu ya mfalme. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kutoa. "Nevena binti yangu, hii ni fedha tupu. Ni nzito kuliko ile. Mama atakwenda nayo kwa heshima. Nakuomba."

"Mama alisema atakwenda na yake. Alisema kwa mdomo wake, akanishikisha mkono. Alisema: Tsolo atakuja na mfalme wake, mwambie ampeleke kwao."

Wanawake wakacheka kwa kuziba midomo. Hapo ndipo nilipopaza sauti. Niliwaambia kwamba sarafu ile si kitu cha kuchezea, kwamba inaweza kutueleza ni nani aliyekimbia vita katika bonde letu hili, kwamba kesho saa tano watakuwa wanafukia ukurasa ambao hauna nakala, na kwamba nchi inayozika historia yake kwa kuogopa uzi haitaendelea hata siku moja. Niliyaamini yote niliyosema, na bado nayaamini.

Mitra alinisikiliza hadi mwisho. "Umemaliza, mjukuu wangu? Sasa vua kofia, uko mbele ya mfu."

Nilikuwa nimeisahau kichwani. Nikaivua. Tsolo akaniangalia kwa jicho la kunisihi ninyamaze.

"Hata kuiona tu?" akamwuliza Nevena. "Uifungue, niione, uifunge."

"Wataka mkono wa mama umshike nani, Mjomba? Mimi? Nyumba hii haina mwingine."

Wakati huohuo harufu ikatoka jikoni, harufu ya ngano ya msiba inayoshika chini ya sufuria, na ngano ya mfu ikiungua ni aibu ya ukoo mzima. Wanawake wote wakainuka kwa pamoja. "Msimwache peke yake!" Nevena alisema akikimbia. "Na paka asiingie!" Maana paka akimruka maiti, kwetu, huyo maiti hatalala tena.

Tukabaki watatu, ukimhesabu Bibi Yonka. Mimi nilikuwa mlangoni, Tsolo kando ya jeneza. Jikoni tulisikia miko ikigonga masufuria na Mitra akimgombeza mtu.

"Mzee," nikanong'ona. "Sasa."

"Sasa nini?"

"Unajua nini. Fungua, tuangalie, ufunge. Hakuna atakayejua."

"Yeye atajua."

"Yeye amekufa! Mzee, umengoja maisha yako yote. Kesho itafukiwa. Fungua!"

Alitoa miwani, akaivaa, akaivua. Akainama. Nilimwona akimwambia Bibi Yonka kitu ambacho sikukisikia, kisha vidole vyake vinene, vilivyokaza nati za trekta maisha yote, vikashika fundo la kwanza. Fundo likalegea. Likafunguka. Akashika la pili, akasimama hapo, haendelei wala haachi.

Kitu cha kijivu kikapita kati ya miguu yangu.

"Paka!" nikapiga kelele.

Paka alikuwa ameshapanda kiti, na kutoka kitini analipimia jeneza. Tsolo akajirusha juu yake mzimamzima. Nyonga yake ikagonga jeneza, mshumaa ukaanguka, na ndani ya kishindo kile nilisikia, au nilidhani nimesikia, mlio mdogo wa chuma juu ya ubao. Alipoinuka alikuwa amemkumbatia paka, mikwaruzo mitatu usoni, na wanawake wamejaa mlangoni.

Nevena hakumwangalia paka. Aliangalia uzi uliokuwa unaning'inia.

"Umefungua."

"Fundo moja, binti yangu. Moja tu. Sikuchukua. Naapa mbele yake, sikuchukua kitu."

"Mkono ni huu umefumba," alisema Mitra. "Tutajuaje kama una kitu?"

Hakuna aliyeweza kujua. Kuufungua kungekuwa kumaliza alichokianza Tsolo. Nevena aliufunga uzi upya, polepole, bila kuigusa ngumi zaidi ya lazima, kisha akasema bila kugeuka, "Toka, Tsolo." Hakusema Mjomba. "Na kesho usije makaburini. Umewazika watu wote wa kijiji hiki. Mama yangu hutamzika."

Nilitembea na Tsolo hadi kisimani. Alijipapasa mifuko mmoja baada ya mwingine, kama vile yeye mwenyewe hana hakika. Nikamwuliza, na nilimwuliza kwa sababu nilihitaji kujua: "Mzee, hukuichukua?"

Alisimama. "Hata wewe?"

"Nilisikia mlio."

"Na mimi nilisikia." Uso wake ulikuwa mweupe chini ya damu ya mikwaruzo ya paka. "Kama imetoka mkononi ikaangukia ndani ya nguo zake, kesho watafungua ngumi, itakuwa tupu. Mbele ya watu wote. Unaelewa? Gancho alishikwa na sarafu, hakuwa mwizi. Mimi nitakuwa mwizi bila sarafu."

Kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika dukani, na kutoka dukani ikafika kwa askari wa kijiji, kijana wa rika langu tuliyecheza naye mpira. Alikuja kwa Tsolo akiwa na sare, akavua kofia, akakaribishwa. Mimi nilikuwa nimeketi pale. Tsolo alimmiminia rakiya, pombe kali ya zabibu, na nusu ikaenda mezani.

"Mzee wangu, mimi sijaja rasmi," alisema askari. Alitafuta mahali pa kuegemea, akaliegemea lile tanuri la zamani. "Watu wanasema maneno. Nikawaambia, Tsolo hawezi. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Pamoja na hayo nasikia unakusanya vitu vya kale. Ni vingi?"

Nilikuwa natazama mlango wa tanuri. Ulikuwa umebaki wazi upana wa kidole, na mkono wa askari ulikuwa karibu nao, unapigapiga bati kama mtu anayepiga ngoma kwa kufikiri. Tsolo naye aliutazama mkono ule.

"Viwili vitatu," alisema.

"Kila mtu hapa ana viwili vitatu," askari akacheka, akanywa, akaweka glasi juu ya tanuri. "Kesho mkono utafunguliwa, tutaona. Ukiwa na kitu, mimi sijawahi kufika hapa. Ukiwa mtupu, mzee wangu, itabidi nirudi na karatasi, na nitaanza kufungua milango. Usinichukie."

Askari alipoondoka, Tsolo alilichukua bakuli, akalizungusha nyumba nzima. Alilitia chini ya kitanda, akalitoa. Alilipeleka bandani kwenye pipa la kabichi ya chumvi, akalirudisha likiwa linanuka. Nikamwambia tulipeleke mjini usiku huohuo, kwa gari la jirani, tuwakabidhi makumbusho na kumaliza hofu hii. Nilimwambia hofu ndiyo iliyomfunga Gancho, si polisi. Nilipoona nimemwumiza sikuyarudisha maneno, maana yalikuwa kweli.

"Nenda ukalale, profesa," alisema. "Kwako kila kitu ni hotuba."

Asubuhi iliyofuata theluji ilikuwa inayeyuka na njia ya makaburini ilikuwa tope. Nilikwenda na msafara. Tsolo hakuwamo. Lakini tulipofika nilimwona nje ya ukuta, barabarani, na koti lake la misiba, kofia mkononi, mahali ambapo angeweza kuona bila kuingia. Hakuna aliyemsalimu. Askari alikuwa karibu na kaburi, ameshika mshumaa kama watu wengine.

Padri alimaliza sala zake, akamwaga divai kidogo. Ilibaki kazi ya uzi. Nevena alipiga magoti kando ya jeneza, na watu wakasogea, wote, hata wale ambao huwa wanabaki nyuma wakivuta sigara. Alifungua fundo la kwanza. Akafungua la pili. Uzi ukaanguka, na ngumi ikabaki vilevile, imefumba.

Kisha akainua kichwa, akatazama ukutani.

"Tsolo! Njoo hapa."

Akaja. Watu walimpisha kwa kujitenga, kama anayepita na ndoo ya chokaa. Alisimama upande wa pili wa jeneza.

"Wewe hubadilishana, si ndivyo?" Nevena alisema. "Hununui. Basi tubadilishane. Mimi sijafungua bado, sijui kuna nini humu, na wewe hujui. Nipe kwanza."

"Nikupe nini, binti yangu?"

"Siku ile ya mtungi. Nani alikuwa juu ya trekta?"

Hakukuwa na mtu pale asiyejua, isipokuwa labda watoto. Hata hivyo hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo likisemwa. Tsolo alimtazama askari. Askari aliutazama mshumaa wake.

"Mimi," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akarudia kwa sauti: "Nilikuwa mimi. Mtungi niliuvunja mimi. Gancho hakuwa hata bondeni. Walipomchukua nilikuwa nyuma ya pazia langu, nikawaona wakipita naye, sikutoka. Na zile za mtungi ninazo. Zimo kwenye bakuli. Yeyote anayetaka aje azione."

Mitra akajipiga msalaba. Nevena akaurudia mkono uliofumba. Alishika kidole cha mama yake, akakinyoosha, kikakataa, akakinyoosha tena. Kidole cha pili. Cha tatu. Sarafu ilikuwa pale, imezama katika ngozi ya kiganja mpaka imejichorea duara; mlio tuliousikia haukuwa wake.

"Tazama," alisema.

Tsolo alivaa miwani. Alikunja goti moja kwenye tope, akainama mpaka nikadhani ataibusu. Mimi nami nilisukuma mabega ya watu, nikafika, nikaona: haikuwahi kuokwa ndani ya mkate wala kusuguliwa kwa majivu, kila unywele ulikuwapo, miale ya taji, shavu lililobonyea, ile mikunjo ya paji. Mkono wangu uliingia mfukoni kutafuta simu ili niipige picha. Tsolo, bila kuniangalia, akaukamata kifundoni na kuushikilia humohumo.

"Ndiye," alisema. "Mwenye mtungi alikuwa anakimbia vita, maskini." Sijui alimwambia nani.

Nilitaka kupiga kelele kwamba wasiifukie. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nevena akavikunja vidole vya mama yake juu ya sarafu, kimoja kimoja, akainuka na kupangusa magoti. Kifuniko kilikuwa kimeegemezwa kwenye msalaba wa kaburi la Gancho, lililokuwa kando. Askari alizima mshumaa wake, akautia mfukoni, akakishika upande mmoja. Upande wa pili akaushika Tsolo.